Bani la Kunguni

Jumatatu, 2 Julai 1956

Mbeya. Baridi ya kukata masikio. Habari nzuri na habari mbaya, zote siku moja.

Nzuri: Mzee Ezekia Luhanga wa Iringa anakuja kumposea mwanawe, Crispin, binti yangu Sekela. Dereva wa basi ndiye aliyeniletea salamu. Mzee atafika Jumamosi ya wiki ijayo pamoja na dada yake, na watalala kwangu hadi Jumatatu. Crispin ni mwalimu. Anapiga kinanda cha kanisa. Huvaa soksi ndefu hata siku za matope. Mkwe wa namna hiyo haokotwi njiani.

Mbaya: chumba cha wageni kina kunguni.

Basi, nimeandika. Hapa tu. Nje ya ukurasa huu, nyumba ya Jailos Mwakyambiki, karani wa mizani ghala la kahawa, mzee wa kanisa, haina kunguni na haijapata kuwa nao.

Mke wangu Damari amesema tuchague moja. Ama twende kwa bwana afya atupulizie dawa, ama wageni walale kwa kaka yake, Saulo. Kwa Saulo! Fundi seremala mwenye sakafu ya saruji, madirisha ya vioo na mapazia ya maua. Kila nikienda kwake ana kitu kipya cha kunionyesha. Mwezi uliopita ilikuwa bomba la maji. Alinifungulia, akafunga, akafungua tena. Eti nione linavyotoka. Kama kwamba sijapata kuona maji.

Wageni wa posa ya binti yangu walale chini ya mapazia ya Saulo, nami ni mzima wa afya? Labda nife kwanza.

Na huyo bwana afya, Ambrosi, ndiyo kabisa. Akiingia nyumbani kwa mtu hutoa vitanda vyote uani, hupuliza dawa yake nyeupe, na mtaa mzima unapita kusalimia, hata wasiosalimia. Tena kila jioni yuko kwa Saulo anakunywa chai.

Nimemwambia Damari nina njia yangu. Ameuliza ipi. Nimemwambia ataona.

Bado sinayo.

Jumanne, 3 Julai

Nimeipata! Nilikuwa mizanini, gunia la kahawa limening'inia, mara ikaja. Joto.

Ujana wangu niliwahi kuwa karani kwa Mgiriki mmoja mlimaji wa tumbaku kule Iringa. Alikuwa na bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku: ndefu, haina dirisha, ndani ni joto la kukausha mate. Siku moja tulikuta humo panya aliyejifungia kwa bahati mbaya. Alikuwa mkavu kama biskuti. Kama panya amekauka, kunguni ni nani?

Joto halina harufu. Joto halipiti mtaani likisalimia. Joto haliendi kunywa chai kwa Saulo.

Nimemweleza Damari. Alinisikiliza huku anachagua maharage. Kisha akasema kunguni hao walikuja na godoro nililonunua Iringa, katika nyumba ya wageni iliyokuwa inafungwa, na kwamba siku ileile aliniambia niulize kwa nini inafungwa.

Uongo. Walikuja na mbao za kitanda. Kitanda alikitengeneza nani? Saulo. Maneno yameisha.

Jumatano, 4 Julai

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema tumbo.

Nimeanza na jua, kwa kuwa jua ni la bure na la Mungu. Nimepandisha godoro juu ya bati la jikoni, nikaweka na chaga za kitanda pembeni yake, nikakaa chini kusubiri kunguni wafe. Sasa, jua la Julai hapa Mbeya linatoka, linaonekana, lakini ukilinyooshea mkono halikupi kitu. Saa za mchana nimepanda kushika bati. Baridi! Nimegeuza godoro. Wako upande wa chini, kivulini, wamejipanga kwenye mshono kama washarika siku ya Krismasi. Hakuna aliyeonekana kuumwa hata kichwa.

Kisha upepo ukashuka kutoka mlima Loleza. Godoro likainuka, likavuka uzio, likaanguka njiani. Na nani anapita njiani? Saulo. Shati jeupe, jipya.

Ameliweka begani mwake, akalileta hadi mlangoni. Ameuliza kama tunahama. Nimemwambia tunaanika matandiko kwa ajili ya wageni, ndivyo wafanyavyo watu wasafi. Amesema ni vizuri, shemeji. Huku anajikuna shingo. Alikuwa bado anajikuna alipokata kona.

Siku haikuwa mbaya yote.

Ijumaa, 6 Julai

Maji ya moto.

Jana jioni Damari alisema mama yake kule Tukuyu alikuwa akimwagia vitanda maji yanayochemka, kidogo kidogo, kwa birika, penye nyufa tu. Birika! Wanawake hufikiria kwa birika. Mimi nimechemsha debe zima.

Nimelibeba hadi chumbani kwa vitambaa viwili na kulimimina kwa mpigo mmoja. Nusu imekwenda kitandani. Nusu imekwenda kwenye mguu wangu wa kushoto.

Sitaandika nilichosema. Mzee wa kanisa hawezi kuandika nilichosema.

Matokeo. Kunguni kadhaa wamekufa, nimewaona kwa macho yangu. Gundi ya kitanda nayo imekufa. Miguu miwili imechomoka, kitanda kimepiga goti upande mmoja kama ng'ombe anayetaka kulala. Hiyo ndiyo kazi ya Saulo, watu wanamsifu! Godoro limekunywa maji yote na sasa ni zito kuliko gunia la kahawa. Damari amenipaka mguu asali. Amenipaka kimya. Ningependa angesema kitu.

Mchana nimeingia tena chumbani kukagua. Walikuwa wanatembea ukutani, wakavu, salama. Nilikuwa sijui kuwa wanakaa na ukutani.

Jumatatu, 9 Julai

Leo nimedhalilishwa na mwanamke wa Kihindi mbele ya mikate.

Mpango ulikuwa mzuri. Tanuri la mikate la Sadrudin, kule karibu na soko, ni la matofali, na mikate ya asubuhi ikishatoka linabaki na joto bure hadi mchana. Joto linapotea hivihivi! Nimefunga chaga na miguu ya kitanda ndani ya gunia, nimeiweka kwenye baiskeli, nimechechemea nayo hadi pale saa ya chakula. Nimemwambia Sadrudin ni mbao mpya, bado mbichi, zinahitaji kukaushwa kidogo. Sadrudin ni mtu mwema. Amesema karibu, Bwana Jailos, weka tu.

Kosa lilikuwa moja. Nilizipanga kwanza kwenye meza iliyo mbele ya mlango wa tanuri, wakati anakwangua majivu. Meza ilikuwa ya moto. Kunguni waliposikia joto chini yao, wakatoka. Sijui niseme walitoka wangapi. Walitoka wote. Na pembeni mwa meza hiyo palikuwa na trei za mikate.

Ndipo Fatmabai, mke wa Sadrudin, akaingia kuchukua mikate ya dukani.

Nimemwambia ni wadudu wa mbao. Amesema amezaliwa hapahapa Mbeya, amelea watoto hapahapa Mbeya, na anawajua wadudu wa mbao, na hawa siyo. Amesema mengine kwa Kigujarati ambayo sikuyaelewa na nimeyaelewa.  Sadrudin aliitupa mikate yote motoni, trei kwa trei. Kisha akanitazama, akasema taratibu kwamba nisirudi pale tena, hata kununua.

Hata hivyo nimeshinda kidogo. Nimewaza njia nzima na nimeona hivi: Sadrudin hawezi kumwambia mtu. Akisema, nani atanunua mikate yake? Siri yangu iko salama kwake kuliko kwa mchungaji.

Chaga mbili zimeungua ncha pale mlangoni mwa tanuri. Kitanda kitakuwa kifupi. Mzee Ezekia hajasemwa kuwa mrefu.

Jumanne, 10 Julai

Nimekuja na mpango mkubwa, na sasa sielewi kwa nini nilipoteza muda na midogo. Usipeleke kitanda kwenye joto. Lete joto kwenye kitanda! Chumba kizima kiwe bani. Ukuta, nyufa, dari, kitanda, kila kitu. Ziba dirisha kwa udongo, ziba chini ya mlango, washa moto, funga.

Watu wa barabara waliacha mapipa mawili ya lami kule njia ya Uyole. Matupu, au karibu matupu. Nimeyaviringisha hadi nyumbani.

Jioni nilikuwa uani nakanyaga udongo wa kuzibia. Sekela alikuja akasimama. Anafanana na mama yake akisimama hivyo.

"Baba, niende kwa Bwana Ambrosi?" akasema. "Nitamwomba aje mapema, watu wakiwa kazini."

Nikamuuliza aende amwambie nini.

"Kwamba tuna kunguni."

Nikamwambia ashushe sauti. Nikamwambia ukoo wa Luhanga si watu wa kuletewa maneno kama hayo, akitaka kuolewa afunge mdomo.

"Crispin anajua. Nilimwambia tangu Pasaka."

Nilikaa juu ya pipa.

"Akasemaje?"

"Alicheka. Alisema bwenini kwao walikuwa wanawapa majina."

Nimemwambia Crispin ni kijana, anacheka hovyo. Baba yake siye.  Kisha akauliza kule kwa Mgiriki moto ulikuwa ndani au nje. Nikamwambia nje, na joto lilipita ndani ya bomba la bati. Akayatazama mapipa yangu mawili. Akauliza bomba liko wapi.

Nimemwambia aende akamsaidie mama yake.

Alhamisi, 12 Julai

Jaribio la kwanza. Kazini nimesema tumbo tena. Bwana mkubwa ameuliza kama nina minyoo.

Nimeyatoboa mapipa, nimeyajaza mkaa, nimeyawasha uani hadi yakawa mekundu, nimeyaingiza chumbani kwa miti miwili, Damari upande mmoja, mimi upande mwingine, yeye akisali kwa Kinyakyusa. Tukafunga. Nikaziba mlango kwa udongo. Nikakaa kibarazani na chai. Nilijisikia kama Mgiriki.

Baada ya muda nikataka kuona kazi inavyokwenda. Nikapasua udongo, nikaingia.

Joto lilikuwepo, sikatai. Juu. Kichwani ni jehanamu, miguuni ni Mbeya. Ninaandika ninayokumbuka: mapipa yanatoa moshi mweusi unaonuka kama barabara mpya, kunguni mmoja anateremka ukutani bila haraka, kisha sakafu inanijia usoni.

Nimezinduka uani. Damari alikuwa amenivuta kwa mikono, kwa kwapa, hadi kwenye mgomba. Alikuwa analia na kunipiga makofi kwa pamoja. Alisema moshi wa mkaa unaua, kila mtu anajua, mtoto anajua, mtu hajifungii na mkaa. Amesema kama ningekufa leo, Jumamosi angewapokea wageni kwa matanga.

Nimemwambia ni njaa. Sikuwa nimekula.

Chumbani kunguni bado wapo. Wamepungua, lakini sasa wapo hata sebuleni, kwenye makochi. Na chumbani kwetu. Wamepitia kwenye nyufa, upande wa baridi. Ni wazi joto linawakera. Lilikuwa pungufu tu. Kesho niongeze.

Ijumaa, 13 Julai

Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe.

Niliongeza. Mkaa, kisha magogo, kisha mafuta ya taa kidogo ili magogo yashike. Damari nilimtuma sokoni. Sekela alikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Kabla ya kuziba mlango niliwaza: kama joto linasafisha chumba, kwa nini lisisafishe na nguo? Nisingependa binti yangu apeleke kunguni Iringa ndani ya sanduku lake la harusi. Nikalichukua sanduku la Sekela chini ya kitanda chake, lile la mbao, lenye vitambaa anavyofuma. Foronya, vitambaa vya meza, shuka zenye herufi. Nikaliweka katikati ya chumba. Nikalifungua kifuniko, joto liingie vizuri.

Ilikuwa nia njema. Mungu ni shahidi.

Lami iliyobaki ndani ya mapipa ilishika moto. Sikujua lami inawaka namna ile. Kwanza nilisikia mlio kama wa lori linalopanda mlima, kisha dari. Dari yetu ni magunia yaliyopakwa chokaa. Ilikuwa.

Saulo alifika wa kwanza. Sijui alitokea wapi. Alivunja mlango nilioziba, akaita watu, wakapanga mstari wa ndoo kutoka kwake. Kutoka kwenye lile bomba. Ambrosi naye alikuwemo, mikono ya shati imekunjwa, akimwaga maji na kukohoa. Moto haukufika vyumba vingine. Chumba cha wageni kimebaki kuta na bati jeusi.

Kunguni niliowaona walikuwa wanatoka chini ya ukuta wa nje, wakavuka uani kuelekea kwenye kuni. Watu wote waliwaona. Ambrosi aliwatazama, akanitazama, akachukua ndoo nyingine.

Sekela alirudi mbio kutoka kanisani, bado ana kitabu cha nyimbo. Alimkumbatia mama yake. Akanigusa mimi, mikono, uso, akaona ni mzima. Kisha akaingia chumbani mwake kuchukua kitu, akatoka mikono mitupu.

Akasimama mlangoni mwa kile chumba kilichoungua. Bawaba za sanduku zilikuwa zinaonekana.

Hakuniuliza. Damari ndiye aliyeniuliza, nami nikakohoa. Nilikuwa nimemeza moshi.

Jumamosi, 14 Julai

Wageni wamelala kwa Saulo. Nimeandika, na kalamu haijavunjika.

Nilikwenda kuwapokea stendi. Nilichechemea, nyusi zangu hazipo, koti langu linanuka lami. Mzee Ezekia ni mrefu. Mrefu sana. Alishuka kwenye basi akainama, akanishika mikono miwili, akanisalimu kwa Kihehe, kamwene, kamwene, akauliza nimepatwa na nini, mkwe. Nimemwambia ajali ya jiko. Akasema pole kama mtu anayeamini.

Kwa Saulo walikaribishwa na maji ya kunawa. Ya bomba. Saulo alilifungua, akafunga, akafungua.

Wakati wa chakula Sekela alisimama na sinia la ndizi. Dada yake Mzee Ezekia alimuuliza kwa upole mbona nyumba yenu imeungua mkesha wa kupokea wageni, ni ishara gani hiyo, mwanangu? Nikafungua mdomo. Sekela akaniwahi.

"Si ishara, shangazi. Tulikuwa na kunguni, baba akaona aibu mkiwakuta. Akajaribu kuwaua kwa moto."

Nilitamani sakafu ile ya saruji ipasuke, nitumbukie mimi na Saulo.

Mzee Ezekia alicheka hadi akaweka kijiko chini. Alisema vitani, kule Burma, alilala na kunguni, na aliporudi Iringa wengine walikuwa wanamsubiri. Alisema nani asiye nao? Kwake wako hadi leo, kwenye kiti anachokipenda, na mkewe amekwishamwambia achague. Watu wote walicheka. Damari alicheka. Ambrosi, ambaye hakuna aliyemwalika, alicheka akapaliwa na chai.

Nikawaambia kwa heshima zote kwamba kwangu hapajapata kuwa na kunguni, ni wadudu wa mbao tu, na mbao zilitoka kwa fundi.

 Dada yake Mzee Ezekia, aliyekaa jirani yangu, aliniinamia akanitoa kitu kwenye kola. Uzi, bila shaka. Akaufinya katikati ya kucha zake mbili, akaomba maji ya kunawa tena. Wanawake wa Iringa ni wasafi kupita kiasi.

Jumapili, 15 Julai

Posa imekubaliwa. Harusi mwishoni mwa Agosti. Nimefurahi. Naandika kwamba nimefurahi.

Mazungumzo yalifanyika sebuleni kwa Saulo. Nilipewa kiti kizuri, lakini ni kiti cha mgeni. Saulo ndiye aliyesema karibuni. Saulo ndiye aliyemwuliza Mzee kama amelala salama. Ilipofika zamu ya kusema sherehe itafanyika wapi, wote walitazama chini, kisha Mzee Ezekia akasema kwa kuwa nyumba ya mkwe imepata msiba wa moto, uwanja wa mjomba unafaa. Damari akasema unafaa. Nikaona kichwa changu kinakubali. Binti yangu wa pekee ataolewa kutoka uani kwa Saulo.

Baadaye nilimkuta Sekela nyuma ya nyumba, anasuuza vikombe. Nikamwambia nitamnunulia vitambaa vingine, vya dukani, vizuri kuliko vile. Aliendelea kusuuza.

"Vile nilifuma na bibi," akasema. "Macho yake yakiwa bado yanaona."

Nikasema sikujua.

"Ungeniuliza, baba. Ungesema tu tuna kunguni, wangelala hapa, tungecheka, yangekwisha. Hakuna aliyekuwa anakucheka, ni wewe tu uliyeogopa."

Nikamwambia binti hasemi hivyo na baba yake. Akasema ndiyo, baba, nisamehe. Akasema atakaa kwa mjomba hadi harusi, kwa sababu ya moshi.

Harufu ya moshi siisikii sana mimi.

Jumamosi, 21 Julai

Wiki imepita. Nimetafakari, na ni haki niandike ukweli.

Jumatano Ambrosi alikuja na bomba lake la dawa mgongoni, akapuliza dawa nyumba nzima. Damari ndiye aliyemwita. Mimi nilikuwa kazini. Vitanda vyote uani, mtaa mzima ukapita, kama nilivyosema. Cha ajabu watu wawili walibaki nyuma wakamwomba aende na kwao. Tangu siku hiyo hatujaumwa. Damari anasema ni dawa. Nimemwacha aseme. Mtu mwenye akili anaona: moto uliwamaliza nguvu, dawa ikakuta mizoga. Anayemaliza kazi ndiye anayesifiwa. Dunia ni hiyo.

Leo nilikwenda kumwona Sekela. Alikuwa ametoka. Damari naye alikuwa huko, wanashona. Nilimkuta Saulo kwenye karakana yake, nikataka kuondoka, akaniita. Akanionyesha rundo la mbao. Mninga, ubao mzuri, sina budi kukiri. Alisema anataka kumtengenezea Sekela kitanda cha harusi, zawadi ya mjomba. Lakini mbao ni mbichi. Zinahitaji miezi kukauka, na harusi ni Agosti. Alikuwa ameshika kiuno, anazitazama kwa huzuni. Sijapata kumwona Saulo bila jibu.

Nilirudi nyumbani polepole. 

Mbao mbichi! Miezi! Na mimi nimefanya kazi kwenye bani!

Jumatatu Saulo anakwenda Nyololo kuchukua mbao nyingine, atarudi kesho yake. Karakana yake ina madirisha mawili tu, madogo, na ukuta wa matofali ya kuchoma, si kama ule wangu wa udongo uliokuwa unavujisha joto. Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Ukuta. Akirudi atakuta mbao zimekauka, tayari kwa randa, na atajua ni nani aliyefanya. Sekela naye atajua. Atalala kwenye kitanda ambacho baba yake ana mkono ndani yake, wala si chini ya mapazia ya Saulo.

Mapipa nimeyakwangua lami yote. Karibu yote.

Damari ameniuliza magunia haya ya mkaa ni ya nini. Nimemwambia ya chai.